Mafundi cherehani wa miaka 40 na kuendelea: namba ya miwani ichaguliwe vipi?

Pindo_Moshi

Habari zenu wakuu. Nauliza kwa niaba ya kikundi cha mafundi cherehani 11 hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Umri ni kati ya miaka 36 na 61. Kazi ziko za aina tatu: kukata kwenye meza kubwa, kushona kwa cherehani, na kazi ya mkono (vifungo, pindo, kudarizi). Karibu wote wanasoma kibao cha kifodi (daladala) kikiwa bado ng'ambo ya barabara. Shida yao ni karibu: kutunga uzi kwenye sindano, kuona mshono mweusi juu ya kitambaa cheusi, na ikifika saa kumi na mbili jioni ndiyo kabisa.

Wenzangu wanataka tununue kwa jumla ile miwani ya kusomea iliyo tayari, yote +2.50, "ili itoshe kila mtu". Mimi nina mashaka. Naomba mnisaidie:

1. Namba moja inaweza kuwafaa wote?
2. Aliyeazima +2.50 anaona sindano vizuri, lakini akigeukia meza ya kukatia ni ukungu mtupu, na baada ya saa moja kichwa kinamgonga. Kwa nini?
3. Ni kweli ukishaanza miwani macho yanazembea na hayarudi tena?
4. Nani asinunue chochote, aende hospitali moja kwa moja?

LenziNaFremu

Mkuu, usiwaache wanunue. Mashaka yako yana msingi. Miwani ya karibu hupimwa kwa umbali wa kazi kwanza, umri unafuata.

Naanza na jicho lenyewe, maana ukilielewa hilo maswali matatu ya kwanza yanajibika kwa pamoja.

Mwanga ukiingia jichoni hupindwa mara mbili. Kwanza na konea, kile kioo cha mbele kinachoonekana kama kioo cha saa ya mkononi, halafu na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Jicho zima lina nguvu ya kama dayopta 60 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga, ndiyo hiyo namba ya miwani), na konea peke yake inachukua kama 43. Watu wengi hudhani lenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa, sivyo. Fumbua macho ndani ya maji, hata yale ya chemchemi ya Chemka yalivyo maangavu, na kila kitu kitakuwa ukungu, kwa sababu maji yanaiondolea konea karibu nguvu yake yote. Thomas Young wa Uingereza aliutumia mwaka 1801 ujanja huohuo wa maji kuthibitisha kwamba konea siyo inayobadilika tunapohamisha macho kutoka mbali kuja karibu. Inayobadilika ni lenzi.

Inabadilikaje? Lenzi imening'inizwa katikati ya pete ya msuli kwa nyuzi nyembamba sana. Msuli ukiwa umepumzika, pete ni pana, nyuzi zimevutika, lenzi imebanwa ikawa bapa: jicho limetegwa kwa ajili ya mbali. Ukitazama karibu, msuli unajikaza, pete inapungua, nyuzi zinalegea, na lenzi inavimba kwa unyumbufu wake yenyewe. Ukitazama Kibo kutoka mjini Moshi asubuhi ambayo mawingu hayajashuka, msuli umelala. Ukitunga uzi, unafanya kazi.

Sasa umri. Kinachochakaa hapo ni lenzi. Inakuwa ngumu mwaka hadi mwaka, ikiachiwa haivimbi tena kama zamani. Msuli bado unavuta. Ndiyo jibu la swali la 3: miwani haizembeshi macho, na mazoezi ya kuzungusha macho hayawezi kulainisha lenzi. Mtu akivaa miwani leo na mwaka kesho akahitaji namba kubwa zaidi, angeihitaji hata kama asingevaa. Hali hii huendelea mpaka kwenye miaka 60 hivi, kisha hutulia.

Hesabu yake ni nyepesi. Dayopta ni 100 gawanya kwa sentimita. Kazi ya mkono kwa sm 33 inadai dayopta 3. Sindano ya cherehani iliyo sm 45 kutoka usoni inadai 2.2. Meza ya kukatia, fundi akiwa amesimama, sm 65, inadai 1.5. Hapo tayari unaona kazi tatu zina madai matatu.

Kwa upande wa jicho, makadirio ya chini tunayotumia ni 15 kutoa robo ya umri. Miaka 44 inabaki dayopta 4, miaka 52 inabaki 2, miaka 60 karatasi inasema sifuri (kiutendaji huwa kama 1, kwa sababu mboni ndogo inasaidia). Na mtu hawezi kutumia yote siku nzima, kama vile huwezi kubeba gunia zito kuliko yote unayoweza kuliinua ukatembea nalo hadi Kiboroloni. Achia nusu iwe akiba. Namba ya miwani ni dai la kazi kutoa nusu ya nguvu iliyobaki.

Miaka 44: nusu ni 2. Cherehani haimpi shida, kazi ya mkono inahitaji +1.00. Mpe +1.00.

Miaka 52: nusu ni 1. Cherehani +1.25, mkono +2.00. Ukimpa +1.50 ataona vizuri kuanzia sm 29 hadi 67, yaani kazi zote tatu kwa miwani moja. Hii ndiyo namba tamu kwa fundi wa umri huo, na ni mbali na hiyo +2.50.

Miaka 60: +1.75 kwa cherehani, +2.50 kwa mkono. Miwani moja haitoshi hapo, msidanganyane.

Swali la 2 sasa. Lenzi ya +2.50 inaweka mwisho wa kuona vizuri kwenye sm 40, kwa mtu yeyote ambaye mbali yake ni nzuri. Zaidi ya hapo ni ukungu, awe kijana au mzee. Meza iko sm 65, hata sindano ya cherehani iko nje ya mpaka. Kwa hiyo fundi anainama ili kazi iingie kwenye sm 40, na shingo inalipa. Juu ya hilo, vitovu vya lenzi za miwani ya tayari huwa mbalimbali kuliko mboni zinavyokuwa zikitazama karibu. Chukua vitovu viko milimita 64 na mboni zake zikitazama sindano ni 56: kwa +2.50, macho yanalazimishwa kujikunja ndani zaidi kwa kiasi cha sm 2 kwa kila mita. Kwa +1.00 usumbufu huo haufiki hata sm 1. Kichwa kinachogonga baada ya saa moja mara nyingi kinatoka hapo.

Kipimo33

Hesabu za mkuu hapo juu ni sahihi, ila makadirio ya umri ni ya kuanzia tu. Watu wa umri mmoja hutofautiana. Nyie mna futi ya kamba mkononi kila siku, pimeni. Kwa mafundi 11 ni kazi ya asubuhi moja.

Anzeni na mbali, kwa sababu bila hiyo vipimo vya karibu havina maana. Chapeni herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi nyeupe: mstari wa herufi zenye kimo cha milimita 9 na mstari mwingine wa milimita 18. Bandikeni ukutani pasipo na mwako wa jua, simameni mita 6 kamili. Jicho moja moja, lingine limefunikwa kwa kiganja bila kubinywa (likibinywa litaona ukungu dakika mbili zinazofuata na kuharibu kipimo). Anayesoma za milimita 9 kwa macho yote mawili mbali yake ni nzuri. Asiyesoma hata za milimita 18, mwekeni kando kwa kipimo cha tundu.

Kipimo cha tundu: kadi ngumu, itobolewe tundu moja la milimita 1 hadi 1.5. Atazame herufi zilezile kupitia tundu. Zikisafika, tatizo ni la kulenga mwanga, yaani miwani sahihi itamsaidia. Zisiposafika, au zikizidi kuwa mbaya, tatizo liko kwenye lenzi iliyochafuka, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) au neva, na hakuna miwani ya dukani itakayotibu. Tundu linafanya kazi kwa kuruhusu miale michache ya katikati tu, ile isiyohitaji kupindwa sana. Ndiyo sababu pia watu hufinya macho wakitaka kuona vizuri.

Halafu karibu. Maandishi madogo ya gazeti, mwanga mzuri, jicho moja. Anza mkono ukiwa umenyooka, sogeza taratibu kuelekea usoni, simama pale ukungu wa kwanza unapokataa kuondoka. Mwenzake apime kwa futi kutoka kona ya jicho hadi kwenye karatasi. Rudia mara tatu, chukua wastani. Sm 25 ni dayopta 4. Sm 50 ni 2. Nusu yake iingize kwenye hesabu ya LenziNaFremu badala ya ile ya umri. Ambaye hata mkono ukinyooka haoni, mwandikie 1.

Na kuna kipimo ambacho nyie mafundi mtakielewa kuliko watu wote. Chukua kitambaa cha drafti au chenye mistari ya kwenda na ya kukatiza yenye rangi sawa, kitundike mita chache, tazama kwa jicho moja. Kama mistari ya kusimama inaonekana kukolea na ya mlalo imefifia (au kinyume), geuza kitambaa robo mzunguko. Mkolezo ukihama na kitambaa, ni kitambaa. Ukibaki upande uleule, ni jicho: konea yake haina mviringo sawa, imepindika kama kijiko badala ya mpira. Hiyo ni astigmatizimu. Mtu huyo ataona mtande vizuri na mshindio vibaya, atalalamika macho kuchoka hata kwa namba kubwa, na miwani ya tayari haiwezi kumsaidia kwa sababu haina silinda (nguvu inayorekebisha mwelekeo mmoja tu). Wake lazima ikatwe kwa kipimo. Kwenye karatasi yake mtaona namba tatu kwa kila jicho, mfano +0.50 / -1.25 x 90: ya kwanza ni nguvu ya kawaida, ya pili ni silinda, ya tatu ni mwelekeo wake kwa digrii, 1 hadi 180.

Jambo la mwisho, msiamini stika iliyobandikwa kwenye lenzi. Ingieni chumba chenye giza kidogo, mlango wazi, nje kuna mti au jengo la mbali. Elekezeni lenzi nje, sogezeni karatasi nyeupe nyuma yake mpaka picha ya mti (itakuwa kichwa chini) isafike. Pimeni kutoka lenzi hadi karatasi: +2.50 ni sm 40, +2.00 ni sm 50, +1.50 ni sm 67, +1.00 ni mita 1. Pima lenzi zote mbili. Kwa miwani iliyoandikwa +2.00, moja ikitoa sm 50 na nyingine sm 44, tofauti hiyo ni robo dayopta, irudishe. Usitumie jua lenyewe kwa kipimo hiki. Karatasi itaungua, na kuna atakayetaka kuchungulia.

Pindo_Moshi

Asanteni sana. Tumepima leo asubuhi. Saba wako wazi kabisa, namba zao zimeangukia kati ya +1.00 na +2.00. Hakuna hata mmoja wao wa +2.50! Waliobaki wanne wananichanganya:

A. Mama wa miaka 61. Zamani alikuwa na miwani ya karibu, ameiacha mwaka huu, anatunga uzi bila kitu na anasema macho yamerudi ujana. Ila mbali hasomi za milimita 18.
B. Dada wa miaka 36. Mbali anaona zote, karibu anaanza ukungu sm 40. Kwa hesabu yenu alipaswa kuwa na dayopta 6.
C. Kaka wa miaka 49, wiki iliyopita alisoma mbali vizuri, leo hasomi. Anakunywa maji sana.
D. Wa miaka 55, mbali na karibu sawa na umri wake, lakini kaka yake aliambiwa ana presha ya macho.

Retina_Chini

Hao wanne ndio jibu la swali lako la 4, mkuu.

Mama wa A: macho hayarudi ujana. Lenzi ikianza kuwa na mtoto wa jicho katikati yake, kiini kinakuwa kizito, nguvu yake inaongezeka, na jicho linageuka kuwa la kuona karibu. Kwa miezi kadhaa mtu anasoma bila miwani na familia inasherehekea, huku mbali kunafifia. Mpeni kipimo cha tundu: herufi zikisafika kidogo tu, inaendana na hilo. Asinunuliwe kitu. Apelekwe achunguzwe akiwa amepanuliwa mboni, na siku hiyo asindikizwe, maana kwa saa kadhaa mwanga utamuumiza na karibu hataona. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na kuwekewa lenzi ya bandia. Hakuna dawa ya matone inayouyeyusha, tangazo liseme litakavyosema. Lakini msimchanganye na yule babu ambaye tangu ujana mbali haoni na sasa ana miaka 70 anasoma gazeti bila miwani. Huyo ni mainasi wa siku zote. Mwenye -2.00 amelengwa sm 50 bila kujitahidi, akivua miwani yake ya mbali tayari ana ya kushonea.

Dada wa B huenda ni plasi aliyejificha. Jicho lake ni fupi kidogo, picha inataka kuangukia nyuma ya retina, na tangu utotoni lenzi imekuwa ikivimba hata kwa ajili ya mbali. Kama ana +2.00 ya kuzaliwa, dayopta 2 zimeshatumika kabla hajashika sindano. Kwa kulinganisha tu: jicho la kawaida ni kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na milimita 1 tu ya kuzidi au kupungua ni karibu dayopta 2.5 hadi 3. Miwani ya kusomea itampa nafuu, lakini akipimwa ipasavyo, kwa matone ya kulegeza ule msuli, pengine atahitaji ya kuvaa muda wote. Kichwa cha jioni kitamwisha bila panado.

Wa C asipimwe miwani hata kidogo kwanza. Sukari ya damu ikipanda na kushuka, maji ndani ya lenzi yanabadilika na namba inahama. Ukimpa miwani leo, baada ya wiki kadhaa za dawa haitamfaa. Akapime sukari kesho asubuhi. Ikionekana anayo, itulizwe kwanza, na retina itazamwe kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Wa D ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, kwa sababu haumwi. Presha ya macho, glakoma, inaua pembeni kwanza, kimya kimya, na katikati inabaki mpaka mwisho. Mtu anasoma herufi za milimita 9 bila kosa huku akigonga mabega mlangoni. Vipimo vyenu vya ukutani haviwezi kuigundua. Ndugu wa damu akiwa nayo, hatari yake iko juu. Apimwe presha na atazamwe neva ya jicho. Hospitali ya Mawenzi au idara ya macho KCMC, popote patakapokuwa karibu naye.

Wa kukimbizwa siku hiyohiyo ni huyu: uoni umepotea ghafla, pazia jeusi linashuka upande mmoja, mimweko kama radi ikiambatana na vidoti vingi vipya, anaona vitu viwili ghafla, au jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu na duara za rangi kuzunguka taa.

Naongeza moja kwa sababu ya vumbi letu la Januari na Februari. Mtu mwenye macho ya kuwasha akipewa matone na duka la dawa yakamtuliza kwa siku moja, asome jina. Yakiwa na deksamethasoni au prednisoloni, ni steroidi. Kwa miezi kadhaa bila usimamizi yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa vijana. Na wasifikiche. Kufikicha kwa miaka kunaweza kuisukuma konea ikachongoka.

Mawe_Arusha

Naomba nidandie hapa. Sisi wa kuchambua tanzanaiti Arusha tunatumia lupu (kioo kidogo cha kukuzia) ya mara 10. Nina miaka 50 na ushee. Nivae miwani ya karibu nikitumia lupu?

LenziNaFremu

Hapana, kaka. Lupu ya mara 10 ina nguvu ya dayopta 40, jiwe linakaa sm 2.5 mbele yake, na mwanga unatoka ukiwa umeshanyooka kama wa mbali. Jicho halihitaji kuvimbisha lenzi hata kidogo. Ukiongeza ya karibu unajisogezea jiwe bila faida. Shika lupu karibu kabisa na jicho na jiwe ulilete kwake, acha jicho la pili wazi. Isipokuwa kama una silinda kubwa: hapo baki na miwani yako ya mbali. Kwa kupanga mawe mezani bila lupu, hesabu ni ileile, pima umbali wa meza yako.

Pindo, kwa wale saba: nilitaka kukwambia mwenye kazi ya kupokea wateja achukue bifokali (miwani yenye namba mbili, juu ya mbali, chini ya karibu).

Kipimo33

Hapo tutofautiane kidogo, mkuu. Bifokali ya kawaida dirisha lake la chini limetengwa kwa sm 40. Fundi wa kukata amesimama, anatazama chini, meza iko sm 65: atakuwa anatazama kupitia dirisha lisilo lake na atainua kidevu mchana kutwa. Kwa mkataji nusu fremu yenye +1.00 au +1.25 ni bora, mteja anamwona kwa juu yake. Bifokali ibaki kwa anayekaa kwenye cherehani na kuinua uso mara kwa mara, na ashuke ngazi kwa uangalifu wiki ya kwanza.

LenziNaFremu

Kwa mkataji, nakubali.

Pindo_Moshi

Sawa, tumeelewana. Wanne wanaenda hospitali, C anaanza na sukari kesho. Imebaki ile ya jioni na kitambaa cheusi.

Kipimo33

Mchana mboni inabana hadi milimita 2 au 3 na inafanya kazi kama lile tundu la kadi, kosa dogo la namba halionekani. Jioni inapanuka na kosa lote linajitokeza. Kwa hiyo kabla ya kuongeza namba, ongeza taa. Iwe na kofia ili balbu isionekane kwa macho, sm 30 hadi 40 kutoka sindano, upande usio na mkono unaosukuma kitambaa. Kwa mshono mweusi juu ya nyeusi ishushe chini imulike kutoka ubavuni, ili kila tundu la uzi litupe kivuli chake. Na kwa kutunga uzi, karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano, uzi ukatwe kwa mshazari.